Koti la Upande Mmoja

Wiki ya saba tangu mume wangu atoke hospitali, nilimpigia simu kaka yangu nikamwambia anitengee chumba. Sikulia. Nilimwambia nakuja mwisho wa mwezi, nikamwambia asiniulize sababu, kisha nikamweleza sababu kwa nusu saa nzima mpaka simu ikaisha chaji.

Sababu ni kwamba mume wangu alikuwa ameacha kuniona. Sisemi kwa mafumbo. Nilikuwa nakaa hatua mbili kutoka kwake kutwa nzima, na yeye alikuwa akiishi kana kwamba kiti changu kina hewa tupu.

Sisi ni mafundi nguo. Yeye anakata, mimi nashona. Mtaani anaitwa Milimita, na jina hilo hakulipata bure: anaweza kutazama kipande cha kitambaa, akaweka chaki katikati kwa macho tu, nawe ukipima utaona haya kwamba umepima. Mimi sina jina la mtaani. Cherehani yangu iko kushoto kwa meza yake ya kukatia, na nimekaa hapo miaka ishirini na miwili. Akimaliza kipande alikuwa akinisukumia kwa mkono wa kushoto bila kutazama, nami nakipokea bila kutazama. Watoto wetu wawili walijifunza kutambaa chini ya meza hiyo, wakakua, wakahama, tukabaki sisi na vitambaa.

Kisha kiharusi kikampata asubuhi moja akifungua mlango wa duka. Alilazwa wiki tatu. Siku ya kutoka, daktari alituambia tushukuru sana, maana anaongea, anatembea, na mkono wa kushoto unafunga na kufungua. Tukashukuru. Baada ya muda akarudi mezani, na kazi akaiweza. Alikata sare za manesi, sare za wanafunzi, aproni za wapishi, na kila kitu kikatoka sawasawa. Kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia kwamba ningepaswa kujua.

Dada yake mkubwa, wifi yangu, alihamia kwetu kutusaidia. Ni mtu mwema, sina ugomvi naye. Alikuwa akikaa kwenye kigoda kuliani kwa meza, anashona vifungo. Shida ilianza na chai.

"Utakunywa chai?" nilimwuliza mume wangu siku moja, nikiwa nimesimama pale pale kwenye cherehani yangu.

Aliinua kichwa, akamgeukia dada yake, akatabasamu. "Nipe, dada. Sukari kidogo."

Wifi alikuwa amebana vifungo kwa midomo, hivyo hata kama angetaka kusema kitu asingeweza. Alinitazama, nikamtazama.

"Ni mimi niliyekuuliza," nilisema.

"Basi asante sana, dada," akamwambia tena wifi.

"Mwache, wifi," aliniambia baadaye, vifungo vimeshatoka mdomoni. "Huyu ni mgonjwa."

"Mgonjwa gani anayechagua wa kumjibu?"

Kwa sababu kilichonitia wazimu ni kwamba hakuwa hivyo saa zote. Nikikutana naye mlangoni, au nikisimama upande ule mwingine kumfunga kamba za viatu, aliniongelesha vizuri na utani juu. "Mwenzangu, umeadimika siku hizi," ananiambia. Nimeadimika! Nikaona ananichezea shere mbele ya dada yake, na dada yake anashuhudia.

Mezani ndio usiseme. Nampakulia wali na maharage, anakula nusu ya sahani, nusu nyingine inabaki haijaguswa, halafu analalamika kwamba siku hizi nampunja. Wifi anainuka kuondoa vyombo, sahani inageuka mkononi mwake, mume wangu anang'aa uso. "Kumbe kipo kingine! Ahsante, dada." Chakula nilichopika mimi, nikaunguza kidole nacho! Ndevu ananyoa shavu la kulia tu, anatoka barabarani hivyo, na watu wananiangalia mimi. Kitandani analala akiutazama ukuta ulio kuliani kwake. Mimi nalala upande wa nje kwa kuwa ndiye ninayeamka mapema. Miaka yote hiyo alikuwa akilala amenigeukia, anakoroma usoni kwangu, nami nanung'unika. Sasa napewa mgongo, na hata koromo la kunung'unikia sina.

Halafu siku ya pasi. Alikuwa amesimama kwenye meza ya kupigia pasi, akauegemeza mkono wake wa kushoto kwenye chuma cha moto na kuendelea na mazungumzo. Mimi ndiye niliyesikia harufu. Nikapiga kelele, nikaunyanyua ule mkono, naye akauliza kwa upole kabisa, "Nani ameungua?"

Nilimpaka dawa huku nikimfokea. Nilimwambia kama hanitaki aseme, asijichome ili kunikomesha. Nilimwambia na mengine ambayo siyaandiki hapa. Jioni ile ndipo nilipompigia kaka.

Sasa kuna jambo la kazi yetu lazima nilieleze, maana ndilo lililotufichia ukweli na ndilo lililotufichulia. Kitambaa cha kawaida fundi hukikunja katikati, akalaza patroni, ile karatasi ya umbo la nguo, ya upande mmoja tu juu yake, akakata. Akikunjua, anapata pande mbili zinazofanana. Sare zote zile mume wangu alizikata hivyo, kitambaa kimekunjwa chembamba, amekivuta kuliani kwake. Alikuwa akikata nusu, na mkunjo unamletea nzima. Lakini kitambaa cha miraba mikubwa hakikunjwi, kwa sababu tabaka la chini linateleza, na koti linakuja na mistari ya kulia imepanda na ya kushoto imeshuka. Hicho hutandazwa wazi meza nzima, kikakatwa kipande kimoja kimoja.

Na kitambaa cha miraba kikaja. Kililetwa na binti mmoja mteja wetu wa siku nyingi, kazi yake ni kuwafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo katika hospitali moja, si ile aliyolazwa mume wangu. Alikuwa anasafiri kwenda kusoma nchi ya baridi, akataka koti zito. Mume wangu alikipapasa kile kitambaa kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona siku nyingi. Siku ya kukata, nilitoka kidogo kutafuta uzi wa rangi yake. Niliporudi alikuwa ameshaweka makasi chini, anakung'uta chaki mikononi.

"Nimemaliza," alisema. "Shona."

Juu ya meza palikuwa na kifua cha kulia cha koti, mkono wa kulia, na mgongo wa kulia. Vimekatwa vizuri mno, mraba umekutana na mraba bila kukosea hata uzi mmoja. Upande wa kushoto wa meza, kitambaa kilikuwa kimelala kizima, hakina hata alama ya chaki.

"Na kushoto?" niliuliza. Nilikuwa nimezunguka meza, nimesimama kuliani, kwa hiyo aliniona vizuri.

"Kushoto kumefanya nini?"

"Mkono mwingine uko wapi? Kifua kingine?"

Alivitazama vile vipande, akavihesabu kwa kidole. "Ndivyo vyote hivi, mwenzangu."

"Kwani mteja wako ana mkono mmoja?" Nilipiga kelele mpaka muuza viatu wa jirani akachungulia. "Una nini wewe? Unataka nini kwangu? Nilie? Nifunge duka?"

Katika kelele hizo ndipo yule binti akaingia, amekuja kuulizia koti lake. Nilianza kumwomba radhi kabla hajavuka kizingiti. Nilimwambia kitambaa hakijaharibika, kimebaki, tutakata, asituvunjie heshima mtaani. Hakunisikiliza. Alikitazama kitambaa, kisha akamtazama mume wangu usoni, lile shavu lenye ndevu na lile lisilo nazo.

"Fundi," alisema, "naomba unisaidie kitu." Akaokota kipande cha utepe mezani, akaunyoosha mbele ya mume wangu. "Niwekee chaki katikati."

Mume wangu alicheka. Alicheka kwa haki, maana ni kama kumwomba mwokaji akuonyeshe unga. Akaweka alama bila kufikiri.

Hata bila futi niliona. Nilichukua futi hata hivyo, nikapima, kwa sababu sikuyaamini macho yangu. Utepe ulikuwa na sentimita sitini. Chaki ilikuwa kwenye arubaini na nne kutoka kushoto.

"Pima tena," alisema mume wangu. "Futi hiyo imevutika."

Nikapima tena. Hasira zote zilikuwa zimekwenda sijui wapi. Amekosea katikati kwa sentimita kumi na nne. Huyu ndiye mtu aliyewahi kunirudishia shati kwa sababu ya kifungo kilichosogea upana wa uzi.

Binti alivuta kiti, akaketi, akatuonyesha kwa kichwa chake mwenyewe. Alisema ubongo una nusu mbili, na kila nusu inashughulika na upande wa pili wa mwili: ya kulia inatunza kushoto, ya kushoto inatunza kulia. Akapitisha kidole utosini kutoka sikio hadi sikio. "Hapa pana ukanda unaoviamuru viungo visogee. Nyuma yake, ukiwa umeshikana nao, pana ukanda mwingine unaopokea habari: joto, baridi, sindano ikichoma." Kisha akarudisha kidole nyuma zaidi, juu ya sikio lake la kulia. "Na huku pana sehemu inayomwambia mtu kwamba kuna upande wa kushoto. Si mkono tu. Upande wote, wa meza, wa sahani, wa barabara. Kwa fundi, ukanda wa kusogeza umepona, ndiyo maana mkono unafanya kazi. Wa kuhisi umepungua nguvu. Lakini hii ya huku imeumia sana."

"Macho yake je?" aliuliza wifi.

"Macho ni mazima. Picha inafika. Hakuna wa kuipokea."

Mume wangu alikuwa akisikiliza kwa makini sana, ameweka mkono kidevuni. "Maskini," alisema. "Watu wa namna hiyo wanapata tabu kweli."

Hakuna aliyecheka.

"Kwa hiyo hajanikasirikia," nilimwambia yule binti. Sauti yangu niliisikia ikitoka ya kitoto.

"Mama, hajui kama upo pale. Sauti yako anaisikia, lakini mahali inapotoka hapapo kwake, basi jibu anampa yule anayemwona."

Wifi akaweka vifungo chini. "Yaani asante zote zile nilizopewa ni kwa ajili ya kukaa kulia?" aliuliza, na kusema kweli nilimwonea huruma.

Ungetegemea nifurahi. Sikufurahi. Wiki saba nilikuwa na mtu wa kumkasirikia, sasa nimenyang'anywa. Nilimfokea mtu aliyeungua. Ubongo nao haufokewi, hauna uso. Nikabaki na hasira mkononi kama mtu aliyeshika sufuria ya moto asijue pa kuiweka.

"Basi rahisi," alisema wifi, akiinuka. "Tunahamisha cherehani. Wewe njoo huku kulia, mimi nihamie huko."

Nilikuwa nimeshashika mguu wa meza ya cherehani. Nilikuwa tayari kuibeba peke yangu.

"Msihamishe," alisema binti. "Mkimfuata kulia, ubongo wake hautakuwa na sababu ya kutafuta kushoto tena. Kila mnachompa, mpeni kutoka kushoto. Wekeni kitambaa chekundu ukingoni mwa meza upande ule, na kabla hajakata aambiwe akitafute mpaka akione. Na wewe, mama, kaa pale pale. Mwite. Akigeukia kwingine usimjibu, mwite tena, mpaka akufikie."

"Kwa muda gani?"

"Miezi. Wengine wanarudi karibu wote. Wengine nusu."

"Na koti lako?"

"Nina wiki sita. Nataka alikate yeye."

Niliuachia mguu wa meza. Yaani dawa ya kunifanya nionekane iko hatua nne tu, kuzunguka meza, na mimi ndiye ninayeagizwa nisiinywe. Nilimwambia binti kwamba mgonjwa ana dawa moja na mimi nina adhabu mbili, kutoonekana na kukatazwa kuhama. Alisema anajua. Alisema ndivyo ilivyo, akaondoka bila koti.

Jumapili nilivunja sharti. Nakiri. Mume wangu alikuwa amejilaza mchana, amegeukia ukuta, na mimi nikapanda kitandani kwa miguuni, nikajipenyeza kati yake na ukuta, mwili wangu mzima huu, mpaka kitanda kikasogea kwa kelele. Alifumbua macho. Aliniona. Aliniangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea kuangaliwa hata nilipokuwa msichana.

"Mwenzangu," alisema. "Umerudi."

"Sikwenda popote."

"Ulikwenda." Alinigusa shavu kwa mkono wa kulia. "Nikaona hata dukani huji. Nasikia sauti yako, nikitazama simkuti mtu, namkuta dada. Nikasema nisimwulize mtu yeyote. Nikiuliza, wataniambia ni kweli umeondoka."

Nilikuwa na chumba kilichofagiliwa kwa kaka yangu. Nilikuwa nimeshalitoa sanduku juu ya kabati. Niliweka uso kifuani kwake, nikalia kwa mara ya kwanza tangu kiharusi. Jioni nikampigia kaka nikamwambia chumba ampe mtu mwingine, na asiniulize sababu.

Jumatatu nikarudi kushoto.

Sitadanganya kwamba nilikuwa mvumilivu. Watu wanasifu wake wavumilivu, mimi nilikuwa mke wa makelele. "Tafuta nyekundu!" nilikuwa nasema. "Huko ni dirisha. Geuza kichwa. Geuza tena. Hapo ni mlango, sijasema mlango!" Naye anajibu kwa hasira zake, anamfokea wifi kwa maneno yaliyonihusu mimi, wifi anameza. Wiki ya kwanza kitambaa chekundu alikiona mara mbili. Ya pili, kila siku mara moja au zaidi. Ya tatu alipaka chaki kwenye kifua cha kushoto cha koti, akakikata, na ukingo wa mwisho wa kushoto akausahau, ikabidi arudi kuutafuta kama mtu aliyepoteza ufunguo. Ya nne akakata mgongo. Kila kipande kilitugharimu siku ambazo zamani zingetosha suti tatu.

Ukabaki mkono wa kushoto wa koti. Siku hiyo nilimwita tangu asubuhi mpaka koo likanikauka. Nilikuwa nimevunja sindano mbili kwa kukanyaga cherehani kwa hasira. Mara ya mwisho nilipomwita, aliligeukia dirisha, akaliambia, "Nakuja," akaendelea kusimama. Nikaacha kushona. Nikaikunja mikono yangu mapajani nikasema moyoni, basi, simwiti tena. Aone, asione, nimechoka.

Duka likawa kimya. Baada ya muda, makasi ya mume wangu yakasimama.

"Mbona kimya?" alimwuliza dada yake. Wifi aliinamia vifungo vyake, maana alikuwa ameagizwa asisaidie.

"Mwenzangu? Umenuna?"

Sikujibu.

"Amenuna," alimwambia wifi. "Huyu namjua. Yupo humu ndani, na amenuna."

Akaanza kunitafuta. Alianza kwa kugeukia kulia, kama kawaida, na kwa kuwa kulia hakunikuta, akazidi kugeuka. Alishika ukingo wa meza, akasogeza mguu, akasogeza mwingine. Akaupita mlango, akaipita rafu ya vitambaa, akakipita kioo cha wateja, akageuka duara karibu zima kwa njia ndefu kuliko zote, jasho limemjaa kwenye paji la uso, mpaka akafika nilipo. Uso wake ukasimama mbele ya uso wangu.

"Uko hapa," alisema. "Nimekosa nini?"

Nilitaka kumwambia hajakosa chochote. Nilitaka kuinuka nimkumbatie na kuisukuma ile cherehani kulia siku hiyo hiyo, liwalo na liwe. Nikasema, "Mkono wa kushoto wa koti haujakatwa. Kaukate, kisha unitafute tena."

Alifikiri. Aliutazama mwili wangu, kiti changu, na sakafu chini ya kiti, akijitahidi kupashika mahali hapo kabla hapajamponyoka.

"Sawa," alisema. "Lakini usihame."

"Sihami," nilimwambia. Nilisema kwa ukali, maana alikuwa ameshaanza kugeuka.